Kisu cha Bei ya Mbuzi

Mtaani kwetu Kuze, miaka ile ya sitini, mtu akikuchinjia mbuzi wako hukumlipa. Ulimpa shingo. Ndiyo ada tuliyoikuta, na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza ilianza lini. Shingo ilifungwa kwenye jani la mgomba ikaletwa nyumbani pamoja na salamu, na mama yangu akaitia chunguni na tangawizi, pilipili manga na ndimu, akaiacha itokote polepole mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Mimi nimekuzwa kwa supu ya shingo, maana baba yangu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mtaa.

Kwa kazi alikuwa fundi wa kanzu. Alikaa kidukani mbele ya nyumba yetu, cherehani yake ikitazama njia, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba hata watu wawili wakikutana, mmoja humpisha mwenziwe kwa kujibana kwenye ukuta wetu. Basi kila mtu alimsalimu baba, atake asitake. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, baba akamwita. Mwalimu wa madrasa, jirani yetu mlango kwa mlango, akimaliza kusomesha huja akaketi barazani, na wawili hao hubishana juu ya bei ya nguru mpaka adhana iwanyamazishe. Leo mimi ni bibi kizee, nimekalia kiti cha plastiki na goti linaniuma, lakini nikifumba macho naisikia ile cherehani ikienda, ikisita, ikienda tena. Wallahi ningetoa mengi niisikie kwa masikio haya, japo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja.

Kuchinja hakukuwa kazi. Kulikuwa heshima. Harusi, akika, hitima, Sikukuu ya Mfungo Tatu, ile Idi ya kuchinja, wanaume walikuja mlangoni: "Bwana fundi, kesho twakutaka." Naye huitikia, "Inshallah," kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka aonekane amefurahi. Lakini alikuwa amefurahi. Akiingia ndani hutafuta sababu ya kumtania mama, na mama humwambia, "Haya, umeshaitwa, sasa hatutalala kwa majivuno."

Hayo mtaa mzima uliyajua. Ambalo haukulijua ni kwamba macho ya baba yalikuwa yanamwacha.

Ilianza kwa uzi. "Mwanangu, hebu nitungie," akaniambia siku moja, ati mwanga umekuwa mbaya. Mchana kweupe, jua la Mombasa limesimama mlangoni! Nikatunga. Baada ya uzi ikawa vifungo, na baada ya vifungo ikawa tarizi, lile pambo la hariri la shingoni mwa kanzu ambalo watu walilifuata kwake kutoka hata Bondeni. Nikawa nalifanya mimi, nyuma ya pazia, naye huitoa kanzu mbele akasema, "Haya bwana, libasi njema." Sikuwa na kinyongo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi zaidi, ndiyo maana wachumba walikuwa wakija na kurudi walikotoka. Kushona angalau kulinifunga mdomo.

Tarizi ungeweza kuificha nyuma ya pazia. Kuchinja utakuficha wapi?

Asiyejua hudhani kuchinja ni kukata tu. La hasha. Shingoni mwa mbuzi kuna koromeo, lile fundo gumu la koo, na kwetu kisu hupita chini yake, ili koromeo libaki upande wa kichwa. Kisu kikipita juu, fundo likabaki na kiwiliwili, nyama ile ni kibudu, hailiki, na aliyewaalika watu ameaibika. Tena mkono hausiti. Hukati ukainua kisu, ukafikiri, ukakirudisha. Unapiga bismillahi, unapitisha, umemaliza.

Basi mwaka huo kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wapishi wameshawasha kuni, mchele umeshaoshwa. Baba akamchinja mbuzi wa kwanza vizuri. Kwa wa pili akasita. Koromeo likatoka limekatwa kati. Wapishi wakasimama na miko yao mikononi. Ikabidi aitwe mwalimu wa madrasa, kichwa kikaletwa juu ya sinia, naye akakigeuza huku na huku, akatia kidole, akakitoa, na harusi nzima inangoja. Mwishowe akasema kipande cha koromeo kimebaki kichwani, chatosha, pikeni. Wakapika. Lakini shingo ya siku ile haikuja na salamu. Ililetwa kimya ikaachwa kizingitini.

"Ni kisu," baba akasema, amekishika mapajani. "Kisu kimechoka."

Na kilikuwa kimechoka kweli. Alikirithi kwa babake, na kilikuwa kimenolewa miaka mingi hata kimebaki chembamba kama ukuti. Hakuna aliyeweza kumbishia. Mama akasema, "Kweli, kimechoka." Mwalimu akaitikia barazani, "Chuma nacho kina umri wake, bwana fundi." Mimi nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu. Nilijua nikifungua mdomo, baba atavuliwa vitu viwili kwa siku moja, kuchinja na tarizi. Na Mfungo Tatu ilikuwa mlangoni. Kosa jingine kama lile mbele ya watu na basi, hawatamwita tena. Wala hawangemwambia. Kwetu hakuna ambaye angemwambia. Wangepita tu mbele ya cherehani yake, wamsalimu vizuri sana, waende kumwita mwengine.

"Nataka kisu kipya," baba akasema. "Na nataka weye ufuatane nami."

"Mimi, baba? Nami najua nini habari ya visu?"

"Wajua kubisha. Hiyo yatosha."

Nikajitanda buibui langu tukatoka. Alasiri ya kwanza tulikwenda Ngomeni, maana njiani tulipitia kwa mteja wa huko. Nje ya Ngome ya Yesu wauza mapambo walikuwa wamepanga vitu vyao kwa ajili ya watalii: vinyago, shanga, makombe ya baharini, na visu vya ala zilizonakshiwa. Mmoja akamtilia baba kisu mkononi kabla hata ya salamu. Baba akakigonga kwa ukucha akasikiliza. Akakigonga tena.

"Hiki ni cha kutundika ukutani," akaniambia.

"Mzee, Wazungu wanavipigania hivi!" yule muuzaji akalalamika.

"Wazungu hawachinji Mfungo Tatu, mwanangu. Kizuri, lakini si cha damu." Akakirudisha kwa adabu, na yule muuzaji mwenyewe akacheka.

Siku ya pili tukaenda Bondeni, kwenye duka la vyuma la Mwarabu mmoja ambaye babake na babu yangu walikuwa wakijuana. Lilikuwa duka la mambo yote: misumari kwa ratili, makufuli, makarai, kamba zinaning'inia darini, na harufu ya mafuta ya taa. Mwenye duka hakumwacha baba aseme haja yake upesi. Kwanza sabalkheri, kisha hali za nyumbani mmoja mmoja, kisha kahawa, kisha marehemu wa pande zote mbili wakaombewa. Nikawa nimesimama, mguu huu, mguu huu, najiambia moyoni, Yarabi, visu vitashika kutu kabla hatujaviona.

Hatimaye akavileta. Alitandika kitambaa juu ya meza, akaviweka vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha kukunja. Baba akakifungua, akapitisha kidole kwenye kiungo ambapo bapa huingia mpini. "Damu itajificha hapa," akasema. "Nitakitwahirishaje ndani ya tundu nisiloweza kuingiza kidole?" Akakiweka kando, wala hakukigusa tena.

Cha pili kilikuwa kisu kikubwa cha mpini wa mti, cha kawaida, bei yake ya kawaida. Baba alipokishika, kiganja chake kikajaa sawasawa. Niliona kwa macho yangu. Alikipitisha hewani mara moja, mkono ukatulia. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, tumepata, twende zetu.

Cha tatu mwenye duka alikitoa kwenye ala ya ngozi, polepole, naye akijua afanyalo. Alisema ni cha wawindaji wa Kizungu, wale waingiao bara wakalala porini. Bapa lake lilikuwa fupi kidogo, nene mgongoni, na mpini wake wa mfupa mweupe. "Tazama, bwana fundi. Hakikunjiki. Chuma hiki kimoja kimeanzia nchani, kimepita ndani ya mfupa mpaka nyuma. Hakina kiungo. Hakitacheza mkononi leo wala ukiwa umemwachia mwanao. Ila kina sharti moja. Hakipendi maji. Ukishakitumia, kioshe, kikaushe, ukipake mafuta." Kisha akataja bei.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza tena, akarudia. "Hii si bei ya kisu," nikasema. "Hii ni bei ya mbuzi!"

Mwenye duka akacheka, akamwambia baba, "Bintiyo ana makali kuliko bidhaa yangu." Lakini hakupunguza. Kizuri chajiuza, alisema, kibaya ndicho chajitembeza.

Baba hakunikemea. Alikigonga kwa ukucha, akaweka sikio. Kikalia sauti ndefu nyembamba. Akakijaribu kwenye nywele za mkono wake. Kisha akanigeukia. "Shika weye."

Nikashika. Nilidhani ananipa nikitazame kwa niaba yake, madhali macho yake hayaoni dosari, basi nikakichungua kote kote kwa bidii nikamwambia hakina ufa. Akanipa kile cha mpini wa mti. "Shika na hiki." Kilikuwa kizito, vidole vyangu havikukutana. Akanirudishia cha mfupa. "Shika tena. Kaza. Geuza mkono."

"Baba, hiki kidogo kwako," nikamnong'oneza. "Vidole vyako vinapandana. Kile kimekukaa vizuri, tena rahisi. Kwa nini tununue jina?"

"Cha rahisi kitatumika kidogo," akasema. "Hiki kitatumika sana."

"Lakini..."

"Umeshabisha. Nilikwambia yatosha." Akatoa pesa.

Nazo hizo pesa nilizijua. Zilikuwa arubuni ya redio. Mama alikuwa ameahidiwa redio tangu mwaka uliopita, redio ya kabati la mbao, asikilize taarabu akipika kama jirani zake. Alikuwa ameshaishonea kitambaa cha kuifunikia. Njia nzima ya kurudi baba alitembea ameweka ala chini ya kwapa, akisalimu watu. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikajikasirikia kwa kumhurumia. Nilijua kisu hakitamrudishia macho. Anadanganya nafsi yake, nilijiambia, na mimi ndiye ninayemshika mkono kumpeleka kwenye aibu.

Mama alipoambiwa bei aliketi chini.

"Lahaula! Kisu cha kuchinjia mbuzi, kwa bei ya mbuzi! Sasa mbuzi mwenyewe tutamnunua kwa nini? Tukichinje kisu?"

"Mbuzi yupo," baba akasema. "Nimeshamwekea pesa zake."

"Na redio yangu?"

Baba akawa anatafuta viatu vyake.

Mama akakichukua kile kisu, akakigeuza. Alikuwa mwanamke wa haki, hata akiwa na hasira alitazama vizuri. Na alichokiona yeye, sisi wawili hatukukifikiria. "Mfupa huu," akasema, "ni mfupa wa nini?"

"Wa ng'ombe," baba akasema.

"Ulimwona huyo ng'ombe? Kisu cha Wazungu, na Mzungu hachagui mfupa. Ukiwa ni wa yule mnyama nisiyemtaja, utamchinjia nani kwacho?"

Baba akatoka, nami nikaitwa na kazi zangu, na mama akabaki na kile kisu na dini yake. Alifanya alichofundishwa tangu utotoni juu ya najisi ya aina ile. Alikiosha mara saba, mara moja kwa maji ya udongo. Na kwa kuwa alitaka kuwa na yakini, akakiacha kimelala kwenye karai la maji safi mpaka siku ya pili. Sharti la mwenye duka tulilisikia mimi na baba. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama.

Asubuhi nilisikia ukelele uani. Nikatoka mbio nimeshika kanga. Mama amesimama juu ya karai, kisu mkononi, na bapa zima limejaa madoa mekundu.

"Kimeota ukoma!" akasema. Kisha akaanza kulia, maskini mama yangu, kwa redio, kwa pesa, kwa kisu, kwa yote pamoja. "Nilitaka kiwe safi tu. Wallahi nilitaka kiwe safi tu."

Nilimngoja baba apige kelele. Alikipokea, akakipapasa kwa kidole gumba kuanzia shinani mpaka nchani, akaguna. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajishika ukuta. "Basi ni twahara," akasema. "Hakuna kisu twahara kama hiki Mvita nzima."

Akatoa noo barazani, bakuli la maji na kichupa cha mafuta ya nazi, akaanza. Siku zile zote kabla ya sikukuu cherehani ilinyamaza, sauti ikawa ya noo. Waliopita hawakumwacha. "Bwana fundi, umenunua kisu au umenunua maradhi?" akauliza mwalimu wa madrasa, akijipangia kanzu yake aketi. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," baba akamjibu, wakacheka wote wawili, na muuza kahawa akatua.

Nyakati za mchana, njia ikipungua watu, aliniita nyuma ya mlango. "Mkono umenichoka. Hebu noa weye." Nikanoa. Yeye hakutazama, alisikiliza. "La, umekilaza sana. Inua mgongo wake. Ehee. Sikia, sauti imebadilika." Mimi msichana wakati ule, mwingi wa haraka, nilinoa huku nanung'unika kwamba nina tarizi ya watu ya kumaliza. Akanipiga kofi dogo la mkononi. "Tarizi haikimbii."

Siku moja, noo imewekwa kando, alinishika kidole changu cha shahada akakiweka kooni mwake mwenyewe. Ndevu zake zilikuwa zimeota mvi na zilikwaruza. "Nitameza mate, nawe usikie linavyopanda," akasema, akameza. "Hili ndilo fundo. Shuka. Hapa pana pete ya kwanza, laini. Hapa ndipo. Si juu, si mbali. Hapa." Akakikandamiza kidole changu. Nikahisi mshipa wake unavyopiga. "Wapaona?"

"Napaona, baba."

"Si kwa macho. Kwa kidole."

Nilidhani anajikumbusha mwenyewe. Nilidhani anajiandaa, anatafuta njia ya kuchinja bila kuona, na ananitumia mimi kama mtu anayesoma kwa sauti apate kuhifadhi. Niliingia chumbani nikalia, nikatoka nimeosha uso.

Sikukuu ikafika. Wanaume walirudi kutoka kuswali na takbira zao, njia yote inanukia udi na marashi na kanzu mpya, nyingine tarizi yake imetoka mkononi mwangu. Desturi ilikuwa baba amchinje wa nyumbani kwanza, kisha azungushwe nyumba kwa nyumba. Basi walikuja kumngoja, watatu wanne wamesimama mlango wa uani, mwalimu wa madrasa mbele yao. Mama na mimi tulikuwa upande wa jikoni, tumejitanda. Mbuzi alilazwa ubavu wa kushoto, ameelekezwa kibla. Baba akaja na kisu nyuma ya mgongo, maana mnyama haonyeshwi kisu.

Akapiga magoti. Mkono wa kushoto ukaenda shingoni kwa mbuzi. Nikauona unatafuta. Ukapanda, ukashuka, ukapanda. Mmoja wa wale wanaume akamtazama mwenziwe. Nikawa nasoma kila aya ninayoijua.

Baba akainua kichwa.

"Mwanangu."

"Labeka, baba."

"Ndoo huku, karibu yangu."

Nikamwendea. Akakiweka kisu chini, juu ya sakafu, baina yangu na yeye. Nyumbani kwetu watu hawakupokezana kisu mkono kwa mkono. Mwenye kutoa hukiweka chini, mwenye kutaka hukiokota. Nikaelewa papo hapo anachotaka. Nikasimama nakitazama.

"Bwana fundi!" akasema mmoja mlangoni. "Mwanamke hachinji!"

Na sote tuliamini hivyo. Mwanamke wa Kuze akitaka kuku wake achinjwe, alisimama mlangoni amemshika miguu, akingoja mwanamume yeyote apite, hata awe mgeni asiyejua jina lake. Kitoweo kilicheleweshwa mpaka alasiri kwa kukosa mpita njia. Hatukuwahi kuuliza.

"Nani kasema?" baba akauliza.

Macho yote yakamgeukia mwalimu. Alikohoa. Hakupenda kuulizwa mambo siku ya sikukuu, tena mbele ya watu wenye njaa. "Kitabuni hakuna katazo," akasema mwishowe. "Mwislamu mwenye akili zake akichinja sawasawa, ni halali, mume au mke. Haya mengine ni mazoea yetu tu."

"Haya," baba akaniambia. "Kiokote, au tumfungue mbuzi wa watu aende zake."

Nikakiokota. Kidole kikaenda kwenye shingo, kikapanda, kikalipata fundo, kikashuka kwenye ile pete laini. Mpini ulikuwa mkononi mwangu kana kwamba umezaliwa nao. Nikasema bismillahi, Allahu akbar. Kisu kikapita. Sikuhisi chochote kinachozuia, wallahi, niliona damu kabla ya kujua kwamba nimekata.

Mwalimu akaja, akainama, akatia kidole kama siku ile ya harusi. Koromeo lilikuwa zima, upande wa kichwa. "Sawasawa," akasema.

Baba akasimama, akijifuta magoti. Akawaambia wale wanaume, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitikia "Inshallah": "Kisu cha babangu hakikuwa na makosa. Ni macho yangu. Sioni tena, jamaa zangu. Huko nyumbani kwenu mwaka huu tafuteni mkono mwengine, na msione haya kupita mbele yangu. Na hizo tarizi mlizovaa shingoni, ni za huyu. Mwaka wa pili sasa."

Mmoja akaishika shingo ya kanzu yake akaitazama. Kisha mwalimu akamkumbatia baba, sikukuu njema, na wengine wakafuata, na wakaondoka.

Mimi nilikuwa nimeketi chini na damu mikononi, nalia kwa hasira. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa. Weye mbishi."

"Na kisu? Ukijua huchinji tena, mbona umenunua kisu cha bei ya mbuzi?"

"Changu kingekuwa kile cha mpini wa mti," akasema. "Kilinikaa vizuri, uliniambia mwenyewe. Hiki nilikipima mkononi mwako."

Nilifuta uso kwa mkono nikajipaka damu, na mama akaniambia hebu kanawe, wataka uonekane bibi arusi au jini?

Redio ilikuja baadaye, mama mwenyewe akaichangia kwa kuuza mikate ya sinia. Wateja wawili wa kanzu walihama, mmoja akarudi. Na wanawake wa Kuze hawakusimama tena mlangoni na kuku. Walinitumia salamu, nami nikaenda na ala yangu ndani ya buibui, na nikirudi nimebeba shingo ya kuku, kijinyama kisichojaza hata kijiko, imefungwa kwenye jani. Kisu ninacho mpaka leo. Kina madoa mawili ya kutu ya mama karibu na mpini, hayatoki, na sikuyatoa. Wajukuu huniuliza kama kweli kisu kinaweza kustahili bei ile. Mimi huwaambia wakanunue vya kukunja, waniache.

Lakini nilikuwa nasema habari za siku ile. Alasiri tuliketi kula, mkeka umetandikwa, mlango wa njia wazi, takbira zikisikika msikitini. Mama akapakua wali, akapakua nyama, kisha akaleta bakuli la supu limefunikwa. Kila Mfungo Tatu tangu nipate akili, bakuli lile lilikwenda moja kwa moja mbele ya baba, na hakuna aliyetia mkono kabla yake. Mama akampita baba. Akainama, akaliweka mbele yangu, akafunua. Shingo.

Nikamtazama baba. Alikuwa ameshachukua ubavu kwenye sinia, kama mtu yeyote, na anautafuna.

"Kula," akasema. "Itapoa."